Siku Maalim alipolisubiri basi la Lamu

Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri, mzee wa miaka 71 alitoka nyumbani kwake Kibokoni amevaa kanzu safi, akapanda tuktuk hadi Mwembe Tayari, akakaa kwenye benchi la ofisi ya mabasi kumngoja mwanawe anayefanya kazi Lamu. Basi likaja. Abiria wakashuka hadi wa mwisho, mwanawe hayumo. Akasema moyoni, huenda yumo katika linalofuata. Hakupiga simu, kwa sababu simu ndiyo chombo anachokiogopa kuliko vyote: sauti hutoka nyembamba, na uso wa msemaji hauonekani. Alikaa pale mpaka baada ya isha, jirani mmoja alipomkuta na kumrudisha nyumbani.

Nyumbani alikuta watu wanalia na kukasirika kwa pamoja. Mkamwana wake alisema alimwambia asubuhi ile ile kwamba mumewe haji. Binti yake alikuwepo, akashuhudia. Mzee naye akaapa kwamba aliambiwa atakuja. Wote walikuwa wakweli.

Nitamwita Maalim, kwa kuwa ndivyo mtaa unavyomwita. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na jioni akisomesha chuo cha Kurani katika chumba cha chini cha nyumba yake. Ukarani aliuacha alipostaafu. Chuo anakisomesha hadi leo. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulikane. Yeye na wanawe wameridhia niandike, na aliyenihimiza zaidi ni yeye mwenyewe.

Kazi yangu ni kupima usikivu. Maalim hakuletwa kwangu kwa ajili ya masikio. Aliletwa na binti yake aliyechoka, akiwa na karatasi mkononi inayosema baba yake ana usahaulifu wa uzee, na alitaka tu kujua kama kuna haja ya kupimwa kitu kingine kabla hawajaanza kumzuia asitoke nyumbani peke yake.

Walivyomsoma watu wake

Pale nyumbani palikuwa na maelezo mawili, na yalipingana.

La kwanza lilisema mzee anasahau. Huambiwa jambo asubuhi, ikifika adhuhuri halijui. Alitumwa Marikiti alete nazi sita, akaja na tisa. Mchuuzi wa mboga akimwambia thelathini, humtolea themanini na kuondoka.

La pili lilisemwa kwa kunong'ona: mzee husikia analotaka kusikia. Ushahidi wake ulikuwa chuoni. Chumba kile kina watoto ishirini na kitu, kila mmoja anasoma sura yake kwa sauti, kuta za mawe zinairudisha kila sauti, feni inalia juu, pikipiki zinapita dirishani. Mtoto wa pembeni kabisa akiruka aya, Maalim humwita kwa jina na kumrudisha alipoteleza. Mkamwana wake aliliona hilo kila jioni akipita na sinia ya chai. Kisha yeye akimsemesha jikoni, kwa umbali wa hatua tatu, mzee hageuki.

"Nikaona ananidharau," aliniambia, na alilia alipolisema. Miaka sita ameishi katika nyumba ile akiamini hivyo.

Maelezo haya mawili hayawezi kusimama pamoja. Mtu anayepoteza kumbukumbu hawi macho hivyo kwa watoto ishirini kwa wakati mmoja. Na mtu anayechagua la kusikia hachagui kukaa saa nne kwenye benchi la mabasi. Nilipomsikiliza mkamwana nilijua kwamba chuo kile ndicho kitakachotuonyesha njia, ila sikujua bado kwamba na mimi nilikuwa nimekielewa nusu.

Kuhusu ile karatasi, nitasema wazi. Katika kituo kimoja cha afya alisomewa maneno matano na kutakiwa ayataje baada ya dakika chache. Alitaja mawili. Mlango ulikuwa wazi, jenereta inanguruma uani, na aliyemsomea alikuwa ameinamia karatasi yake. Hakuna aliyehakikisha kwanza kwamba maneno yote matano yalimfikia. Nimeyaona haya mara nyingi mno, na hayaachi kuniumiza. Mtihani wa kumbukumbu unaosomwa kwa mdomo hupita masikioni kwanza. Kama masikio hayakupimwa, alama inayotoka haiwezi kuitwa ya kumbukumbu.

Masikio yake

Nilimpima katika chumba kitulivu. Sikio la kulia, lililo bora, lilianza kusikia kwenye desibeli 25 (desibeli hupima ukubwa wa sauti) kwa sauti ya hezi 500 (hezi hupima unene na wembamba wake), desibeli 35 kwa hezi 1000, 55 kwa hezi 2000, na 70 kwa hezi 4000. Wastani wake ni 46. La kushoto lilikuwa na wastani wa 51. Kwa ngazi za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, sikio bora likiwa kati ya desibeli 35 na 50, huo ni upungufu wa kadiri. Neno hilo limewahi kuwapotosha wengi. Husikika kama jambo dogo.

Usikivu wake unateremka kadiri sauti inavyokuwa nyembamba, na mteremko huo una maana kuliko wastani. Sauti nene, yaani irabu na mvumo wa m na n, Maalim bado anazipata. Sauti nyembamba, kama s, sh, f na th, pamoja na mpasuko wa t na k, humfikia nusu au hazimfikii. Ndiyo maana wagonjwa wa aina hii husema "nasikia ila sifahamu". Ukimpigia kelele unazinenepesha irabu, ambazo hakuwa na shida nazo.

Sasa zirudie zile nazi. Sita na tisa zina irabu zile zile kwa mpangilio ule ule. Zilizobadilishana nafasi ni s na t, na zote mbili ndizo zinazompotea. Thelathini na themanini huanza pamoja na kuishia pamoja, na tofauti iko katikati, mahali ambapo mchuuzi hupitisha upesi. Maalim aliniongezea lake mwenyewe. Mswahili wa Mombasa hutenganisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi inayotoka na k, na paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi inayotoka na p. "Nilikuwa nikiwasahihisha wageni," alisema. "Siku hizi nangoja nijue mtu anazungumzia mapishi au kitu gani."

Huko kungoja ndiko kulikonifanya nisiishie kwenye masikio.

Ubao na kifua

Wazee waliosoma vyuo vya zamani wanaukumbuka ubao wa mti. Mtoto aliandikiwa aya kwa wino, akaisoma na kuirudia mpaka ikaingia kifuani, kisha ubao ukaoshwa ili iandikwe nyingine. Nilimweleza Maalim kwa mfano huo na alinielewa kabla sijamaliza. Kuna kumbukumbu ya kifuani, ambamo mmekaa Kurani, majina ya watu, methali, na maneno yote ya lugha. Na kuna nafasi ndogo kama ubao, ambamo maneno yanayosemwa sasa hushikwa kwa sekunde chache huku akili ikiyafanyia kazi. Nafasi hiyo nitaiita kumbukumbu tendaji. Alan Baddeley na Graham Hitch waliieleza mwaka 1974 kuwa mahali ambapo kushika na kufikiri hugawana uwezo mmoja wenye mpaka. Ukitumia mwingi kwa kufikiri, wa kushika unapungua.

Aliyeyafunga mambo haya na usikivu kwa namna inayonisaidia kazini ni Jerker Rönnberg wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi. Naye alianza na visa vya mtu mmoja mmoja. Mwaka 1993 aliandika juu ya mtu aliyetajwa kwa herufi GS tu, kiziwi aliyekuwa akiweka mkono wake kwenye bega na shingo la msemaji apate mitetemo ya sauti, huku akitazama midomo. Mitetemo na midomo ni habari chache sana, lakini GS alifahamu mazungumzo. Kilichomtofautisha na wengi ni kumbukumbu tendaji yenye nguvu isiyo ya kawaida. Kutoka visa kama hivyo, na majaribio mengi baadaye, Rönnberg na wenzake walijenga nadharia waliyoitoa mwaka 2003 na kuipanua mwaka 2008 na 2013.

Kiini chake ni hiki. Neno likifika masikioni likalingana na umbo lililohifadhiwa kifuani, maana hufunguka yenyewe, bila jasho. Neno likifika limevunjika, halilingani na kitu. Hapo akili husimama na kufanya kazi kwa kujua: inakishika kile kipande, inangoja maneno yanayofuata, inarudi nyuma kujaza pengo, inajaribu hili na lile. Kazi hiyo yote hufanyikia ubaoni. Na msemaji hangoji. Binadamu huzungumza kwa kasi ya silabi nne au tano kwa sekunde, kwa hiyo "hatakuja" nzima hupita ndani ya sekunde moja.

Turudi basi jikoni Ijumaa ile. Mkamwana alikuwa anachoma mahamri, amempa mgongo baba mkwe wake, redio inasema, feni inazunguka. Alisema: "Baba, mwanao hatakuja leo, basi limejaa, amekata tiketi ya Jumapili."

Katika Kiswahili, kati ya "atakuja" na "hatakuja" kuna h peke yake. H ni pumzi tu, haina mtetemo wa koo, na feni huimeza. Tukisema "watakuja" na "hawatakuja" tunampa msikilizaji silabi nzima ya kukanusha; kwa mtu mmoja, wakati ujao, tunampa pumzi. Aidha Maalim alikuwa na mwezi mzima akimtarajia mwanawe, kwa hiyo umbo la "atakuja leo" lilikuwa limekwisha kuandaliwa kifuani. Kilichofika kikalingana nalo. Hakuhisi kwamba amekosa kitu.

Niliuliza kama ungeuliza wewe: mbona "basi limejaa" na "Jumapili" hayakumzindua? Jibu alinipa yeye. Aliposikia mwanawe anakuja, aliuliza mwenyewe moyoni: ni basi la saa ngapi, nani atampokea? Maneno mengine yalipita akiwa hapo. Alikumbuka kusikia "basi" na "tiketi", na yote mawili yalikubaliana na safari. "Jumapili" alikuwa hana, na siwezi kusema kama halikuingia au liliingia likafutika. Ubao uliokuwa umejaa hauachi alama ya kilichoandikwa juu yake.

Nina la kuisifu lugha yetu pia. Ukisema "vyungu vyangu viwili vimevunjika", umeitaja ngeli mara nne. Mtu akikosa mara moja au mbili, zilizobaki zinamwambia ni vitu gani vinazungumziwa, na hahitaji kubahatisha sana. Upatanisho huu ni msaada mkubwa kwa anayesikia nusu. Kukanusha ndiko kulikoachwa bila ulinzi huo, tena mahali ambapo kosa hugeuza maana juu chini. Wasemao "hatokuja", kama ndugu zetu wengi wa Unguja, humpa msikilizaji alama ya pili katika ile "to", na "haji leo" ni bora kuliko yote, kwa sababu haifanani hata kidogo na "anakuja leo".

Nilichokipima, na kilichonirekebisha

Mwaka 1980 Meredyth Daneman na Patricia Carpenter walitunga njia ya kupima kumbukumbu tendaji kwa kusoma: mtu anasoma sentensi moja baada ya nyingine, na mwisho wa fungu anataja neno la mwisho la kila sentensi. Nilitunga sentensi zangu za Kiswahili kwa mtindo huo, 12 kwa kila jaribio, nyingine zenye maana, nyingine za upuuzi kama "mpishi alichemsha dirisha", ili alazimike kuamua huku akishika. Mtihani wa kutunga mwenyewe hauna viwango, na sikuutumia kumlinganisha na mtu mwingine. Nilitaka kumlinganisha Maalim na Maalim, kila mara kwa sentensi mpya.

Aliposoma karatasini alikumbuka maneno 8 kati ya 12. Nilipomsomea mimi, tukitazamana, chumba kikiwa kimya, alikumbuka 7. Kisha nikaweka kelele za watu wakizungumza, nikazipunguza mpaka pale alipoweza kuirudia kila sentensi sawasawa bila kosa. Alikumbuka 4.

Hapo ndipo penye kisa chote. Katika kelele zile masikio yake hayakukosa neno hata moja, kwani alilirudia kila moja papo hapo. Lakini kulipata kulimgharimu, na gharama ilitolewa kwenye ule uwezo wa kushika. Hili si geni: Patrick Rabbitt alilionyesha mwaka 1968 kwa tarakimu. Zilizosikika sawasawa kupitia kelele zilikumbukwa vibaya zaidi, na hata zile zilizotangulia kusomwa katika utulivu ziliharibika iwapo zilizofuata zilikuja na kelele. Kathleen Pichora-Fuller na wenzake walikuta jambo la namna hiyo mwaka 1995 walipowalinganisha vijana na wazee. Binti alipoyaona matokeo alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tukimwambia, anaitikia, na bado hana."

Ndiyo. Kuitikia kwake hakukuwa uongo.

Jaribio jingine lilinifunza zaidi. Nilimsomea methali katika kelele kali ambazo sentensi za kawaida zilimshinda. Methali alizipata zote, nyingine akazimaliza kabla yangu. Nikaigeuza moja: "Haba na haba hujaza kikombe." Akarudia bila kusita: "kibaba." Alikuwa na hakika ameisikia. Kifua kilimsaidia pale nilipoitaja methali ilivyo, na kifua hicho hicho kikamdanganya nilipoigeuza, kama kilivyomdanganya kuhusu mwanawe.

Lakini basi, kama hujaza lililotarajiwa, anakamata vipi makosa ya watoto? Nilimuuliza. Alikaa kimya, akamtazama binti yake, akaniomba tuzungumze peke yetu.

Anachokikamata, alisema, ni mtoto kuruka aya au kuchanganya sura. Hayo ni mapengo makubwa, kisomo chenyewe huvutwa polepole, na hana haja ya kushika maana yoyote mpya, kwa kuwa kila kinachofuata anakijua. Herufi ndizo zinazompita. Sini na thaa, sini na swadi: kwa miaka miwili au mitatu hana tena hakika nazo. Watoto wenye ulimi mzito katika herufi hizo amewahamishia mbele yake, karibu na goti, apate kuwatazama ulimi unapogusa meno. Hakumwambia mtu. "Mzazi ananiletea mtoto nimsahihishe matamshi," alisema. "Nitamwambia nini?"

Familia nzima, nami nikiwemo, tulikuwa tumekifanya chuo kuwa ushahidi kwamba anasikia. Naye alikuwa pale kila jioni anafanya kazi ngumu kuliko tuliyoidhania, kwa akili na macho, na peke yake.

Mashine, na mwendo wa nyumba

Maalim alipata mashine za masikio mbili. Sitaeleza yote ya ufungaji wake, ila uamuzi mmoja unahusu ubao moja kwa moja. Mashine za kisasa huzibana sauti, yaani huziinua zilizo ndogo na kuzizuia zilizo kubwa. Nyingine hufanya hivyo upesi sana, ndani ya silabi. Nyingine hufanya polepole, zikifuata hali ya chumba. Ile ya upesi huokoa konsonanti nyingi, lakini hubadilisha umbo la usemi, na neno lililobadilishwa umbo halilingani tena na lililohifadhiwa. Utafiti wa Stuart Gatehouse na wenzake wa mwaka 2003, na ule wa Thomas Lunner na wenzake baada yake, ulionyesha kwamba faida ya ubanaji wa upesi katika kelele zinazopandashuka huwafikia zaidi wenye uwezo mkubwa wa akili wa kushughulikia usemi. Wengine huwa heri kwa ule wa polepole. Maalim hana uwezo mdogo, lakini alikuwa na miaka mingi ya kuzoea maneno yasiyo na ncha, na kila neno lingemjia geni kwa pamoja. Nilianza na polepole. Baada ya miezi mitatu nilimsogeza kidogo. Ningefanya hivyo tena.

Jasho na unyevu wa Mombasa huziua mashine hizi mapema, kwa hiyo usiku hulala ndani ya kopo lenye dawa ya kukaushia.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa jikoni. Mkamwana aliyelelewa vyema hamkazii macho baba mkwe wake, na hapazi sauti mbele yake. Huinamisha uso, husema kwa sauti ya chini. Nilimweleza kwa upole kwamba adabu yake ndiyo iliyomnyima mzee midomo na sauti kwa pamoja, wakati ambapo alihitaji vyote viwili. Alishtuka. Maalim ndiye aliyelimaliza. Alimwambia mbele yangu: "Nitazame, mwanangu. Mimi baba yako nimekupa ruhusa." Tangu siku hiyo humwita kwanza, hungoja ageuke, husimama pale dirisha linapomwangaza usoni, ndipo aseme. Redio huzimwa. Jambo moja husemwa, likakaa, ndipo lije la pili. Asiposikia, halirudii kwa maneno yale yale kwa kelele, hulisema kwa njia nyingine. Na kukanusha kwao ni "haji", "hataki", "si leo".

Maalim kwa upande wake hurudisha. Ukimwambia saa, idadi, jina au siku, anakutamkia alichokipata kabla hajaondoka. Watoto wa chuoni sasa wanamuiga.

Si kila kitu kimetengenea. Kwenye baraza la kahawa, jioni, watu sita wanasema pamoja, wanakatizana, wanacheka kabla sentensi haijaisha. Mashine zake hupunguza kelele, lakini haziwezi kujua ni nani kati ya wale sita anayetaka kumsikia. Huwahi kufika, hukaa mgongo ukutani, husikiliza mmoja au wawili, na kabla ya isha huwa amechoka na kurudi. Uchovu huo ni wa kweli. Anayeusikia usemi kwa kuutafuta hufanya kazi muda wote wa mazungumzo, na wenzake wamekaa tu.

Binti aliniuliza swali ambalo kila mwana huuliza: je, mashine zitamkinga na ugonjwa wa kupoteza akili? Nilimwambia ninayoyajua. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliuweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari hiyo na yanayoweza kushughulikiwa. Mwaka 2023 utafiti wa Marekani uitwao ACHIEVE ulifuatilia watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu. Kwa jumla yao, waliopewa huduma ya usikivu hawakutofautiana na wengine, lakini katika kundi lililokuwa na hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kudhoofika kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Sikumpa ahadi. Tumekubaliana kumpima Maalim kila mwaka, kwa maandishi na kwa mdomo, na kama maandishi nayo yataanza kushuka, tutalijua mapema na hatutalichanganya na masikio. Napenda pia mwenzangu wa taaluma asizidishe uzito wa haya: Christian Füllgrabe na Stuart Rosen walionyesha mwaka 2016 kwamba kwa vijana wenye masikio mazima, kumbukumbu tendaji haielezi sana nani husikia vyema katika kelele. Ni umri na upungufu wa usikivu vinavyoufanya ubao uwe muhimu hivi.

Lililobaki ni chuo. Mwezi uliopita Maalim alikuja na ombi ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kuniletea: nimpime herufi. Tulitengeneza jozi 20 za sini na thaa, nikampata kijana mmoja hafidhi azisome akiwa amefunika mdomo. Akiwa na mashine, chumbani kimya, Maalim alitambua 16. Aliandika namba hiyo kwenye kijitabu chake, akafikiri, kisha akasema makosa manne katika ishirini ni mengi kwa maneno ya Mwenyezi Mungu. Atabaki na aya na mpangilio. Herufi atamkabidhi kijana yule yule, akae kando yake jioni. Wazazi atawaambia mwenyewe.

Nilimpa siku ya kurudi. Alifika mlangoni, akageuka, akanitazama usoni.

"Jumatatu, saa nne. Hukusema nane?"

"Nne, Maalim. Asubuhi."

"Saa nne asubuhi," akasema, na mkamwana wake, aliyekuwa akimngoja nje, akaitikia kwa kichwa.